Uwanja wa ndege za vita wa Mafia wa mwaka 1915 ulikuwa wapi hasa?

#1 MwanaKirongwe
Salaam wanajamvi. Kila ninaposhuka Kilindoni kutoka Dar es Salaam humkuta mtu mmoja akimweleza mgeni wake kwamba uwanja ule ndio ule ule uliotumiwa na Waingereza mwaka 1915, walipokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa hiki na sikubaliani na maelezo hayo. Njia ya Kilindoni iliyowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa fedha za msaada wa Marekani ni kitu kimoja, na kiwanja cha vita ni kitu kingine.

Dai langu ni kwamba kiwanja cha vita kilikuwa upande wa Tireni, kaskazini ya kisiwa. Meli mbili zilizoletwa kuimaliza Königsberg, yaani Severn na Mersey, zilifika Mafia Juni 1915 na kutia nanga katika ghuba ya Tireni, na ndege zilizokuja kuzielekezea shabaha zilifika mwezi huo huo. Sioni sababu ya jeshi kuziweka meli mahali pamoja na macho ya meli hizo mahali pengine. Naomba mwenye ushahidi wa kuniunga mkono au kunipinga auweke hapa. Nitasoma kila bandiko.

#2 Jahazi_la_Jibondo
Asante kwa uzi. Sisi shuleni tuliambiwa kwamba uwanja huo ulijengwa na Wajerumani na Waingereza waliuteka tu. Kwa hiyo huenda ulikuwapo kabla ya 1915, na hapo Tireni inaweza isihusike kabisa.

#3 Nyaraka
Ndugu wa #2, mwalimu wenu alichanganya mambo. Wajerumani hawakuwa na kikosi cha ndege katika koloni hili. Ndege pekee iliyokuwapo ilikuwa ya rubani wa kiraia Bruno Büchner, iliyofika Dar es Salaam mwaka 1914 kwa ajili ya maonyesho makubwa yaliyopangwa kufanyika Agosti mwaka ule, baada ya reli ya kati kufika Kigoma. Vita vikaanza, maonyesho yakafa, na ndege ikachukuliwa na jeshi. Wajerumani wa Mafia hawakuwa na la kufanyia kiwanja.

Mtiririko wenyewe ni huu. Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia Rufiji kwa sababu mitambo yake ilihitaji matengenezo. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji machache ya delta, na kutoka baharini hawakuweza kuona kilichokuwa nyuma ya mikoko. Ndipo wakamkodi rubani wa kiraia aitwaye Cutler kutoka Durban, pamoja na ndege yake aina ya Curtiss yenye kuelea majini. Huyu alirukia kisiwa kidogo cha Niororo, si Mafia kubwa, na mwezi Desemba injini ilimwangusha mtoni akakamatwa. Mafia yenyewe ilitekwa na askari wa King's African Rifles Januari 1915. Kiwanja cha nchi kavu kilikuja baada ya hapo, kwa hiyo kilikuwa kazi ya Waingereza tangu jani la kwanza kufyekwa.

#4 Mwana_Salale
Nawasalimu kutoka Rufiji. Ninyi wa Mafia mnaangalia ndege zilikotokea, nasi tunaangalia zilikofikia. Kwetu Salale habari hii imesimuliwa katika kila nyumba. Wazee walituambia juu ya watu waliovutishwa vyuma vya manowari kwa kamba, kwenye njia ya porini hadi Dar es Salaam, ili vikatengenezwe katika karakana na kurudishwa. Hilo lilitokea kweli, na mabega yaliyovuta yalikuwa ya watu wetu.

Kuhusu ndege, marehemu bibi mzaa mama hakusema «ndege» peke yake, alisema «ndege Ulaya», ili kuitofautisha na ndege wa Mungu. Alikuwa ameyapokea kwa mama yake. Watu wa delta walipokiona chombo kile juu ya mikoko kwa mara ya kwanza hawakukimbia, walikaa kimya, kwa sababu ndege kwa wazee wetu ilikuwa pia maana ya ishara, kuna ndege njema na ndege mbaya, na hawakujua ile ni ipi. Bibi alisema ilikuwa ikitokea «upande wa jua linakotokea, juu kidogo». Mashariki yetu, juu kidogo, ni kaskazini ya Mafia. Sijui kama inasaidia, lakini inaelekea kuiondoa Kisimani iliyoko kusini magharibi, kama kuna atakayeitaja.

#5 BintiChole
Nilikuwa nataka kuitaja Kisimani, Mwana_Salale umeniwahi. Askari wa Kiingereza walipoiteka Mafia waliteremkia huko, na nilifikiri kambi yao ya kwanza ingekuwa na uwanja.

Hata hivyo nina jambo la nyumbani. Mlango wa banda la kuku la bibi yangu ulikuwa umepigiliwa mabati yaliyokunjuliwa kutoka kwenye madebe, mabati mazito kuliko haya ya siku hizi, yenye herufi zilizobonyezwa ambazo kutu ilikuwa imezila nusu. Nilipokuwa mdogo nilizoea kupitisha kidole juu ya herufi zile bila kuzielewa. Bibi alisema babu yake aliyapata «kwa Wazungu wa ndege», waliokuwa wakimimina mafuta na kuyatupa madebe, na watu wakigombania kwa sababu debe tupu lilikuwa mali. Familia ile ya babu ilikaa Baleni kabla ya kuhamia Chole. Baleni iko katikati ya kisiwa. Je, hakuna uwezekano wa kiwanja kuwa ndani zaidi, mbali na pwani zote mbili?

#6 Fundi_Injini
Ninafanya kazi ya kutengeneza ndege ndogo na naomba kuchangia upande wa ufundi, kwa maana naona tunatafuta kitu kikubwa kuliko kilichokuwapo.

Kwanza tujiulize kwa nini walihitaji kiwanja cha nchi kavu. Mwanzoni mwa 1915 waliletewa ndege mbili za Sopwith za kuelea majini. Hizo ziliwashinda. Joto letu hupunguza nguvu ya injini na uzito wa hewa, na unyevu uliachanisha mbao zilizounganishwa kwa gundi, hata ndege ikawa haiwezi kunyanyuka ikiwa na rubani, mwangalizi na mabomu kwa pamoja. Zilifuata ndege za Short, ambazo zilifanikiwa kupiga picha ya meli mwezi Aprili, lakini nazo hazikuwa na nguvu ya kutosha. Boya za kuelea ni mzigo mzito. Ukiziondoa na kuweka magurudumu unapata nguvu ya kubeba mtambo wa simu ya upepo, yaani redio ya kupeleka ishara, na mtu wa kuupiga. Kwa sababu hiyo mwezi Juni zililetwa ndege mbili za Henri Farman na mbili za Caudron, na kiwanja kikawa cha lazima.

Pili, ndege za aina hiyo zilikuwa nyepesi, mbawa pana mbili mbili, na zilikwenda polepole. Hazikuhitaji njia ndefu wala iliyoshindiliwa. Zilihitaji uwanda wenye majani mafupi, usio na visiki, ulioelekea upepo. Julai upepo wetu ni wa kusi. Ningekuwa mimi ningetafuta uwanda ulionyooka kusini kwenda kaskazini, karibu na mahali ambapo mashua ingeweza kushusha masanduku yenye injini. Tireni inafaa. Kilindoni nayo inafaa. Baleni inanipa shida, kwa sababu kuibeba injini mabegani hadi katikati ya kisiwa ni kazi ya bure kama pwani ina uwanda.

#7 MwanaKirongwe
Fundi, nakushukuru sana. Suala la kusi sikuwa nimelifikiria. BintiChole, mlango ule bado upo?

#8 BintiChole
Haupo tena. Banda lilibomolewa, na mabati sijui yalikwenda wapi. Ninajilaumu.

#9 Mnazi_Mrefu
Mimi ni wa Kilindoni na ninasimama na Kilindoni. Marehemu baba yangu alikuwa akinionyesha kwa mkono mahali ambapo ndege za vita zilikuwa zikishuka, na ni pale pale ulipo uwanja leo, isipokuwa zamani ulikuwa majani na ng'ombe wa shamba la minazi walikuwa wakilishwa humo. Alisema aliziona kwa macho yake zikiwa na alama za duara kwenye mbawa. Huo ni ushahidi wa mtu aliyeona. Nadharia za upepo ni nzuri, lakini macho ya baba yangu yalikuwa mazima.

#10 Nyaraka
Mnazi_Mrefu, bila kumvunjia heshima marehemu mzee, naomba utusaidie: alizaliwa mwaka gani?

#11 Mnazi_Mrefu
Mwaka 1932 kwa cheti.

#12 Nyaraka
Basi aliyoyaona yalikuwa ya vita vya pili, na ninaamini kabisa kwamba aliyaona. Kati ya 1942 na 1945 pwani yote hii ilikuwa na shughuli za ndege za jeshi la majini la Uingereza, baada ya meli zao za mashariki kuhamishia makao Kilindini, bandari ya Mombasa. Walikuwa na vituo vya ndege walivyovipa majina ya Kiswahili: cha Tanga kiliitwa Kilele, cha Nairobi Korongo, na cha Mombasa Kipanga. Mtoto wa miaka 10 au 12 akiwa Kilindoni wakati huo angeweza kabisa kuona ndege yenye duara mbawani. Alama hiyo Waingereza waliitumia katika vita vyote viwili, na hapo ndipo kumbukumbu huchanganyika.

#13 Mnazi_Mrefu
Nimekuelewa, mkuu, na sikasiriki. Lakini naomba unielewe nami. Baba hakuonyeshwa mahali pale na vita vya pili. Babu yangu, ambaye mwaka 1915 alikuwa kijana wa kupanda minazi, ndiye aliyemwambia kwamba «hapa ndipo zilipoanza». Ndege za utotoni mwa baba zilikuja kuthibitisha jambo alilokuwa ameshalisikia. Kwa nini rubani wa miaka ya 1940 ashuke mahali pale kama hapakuwa na kiwanja cha zamani kwenye ramani yake?

#14 Fundi_Injini
Swali la #13 lina uzito. Marubani wa jeshi hupenda kurudi kwenye uwanja ambao tayari umeandikwa. Lakini linaweza kujibiwa pia kwa namna nyingine: Kilindoni ndiko palipokuwa na boma na gati, kwa hiyo uwanja wowote wa baadaye ungewekwa karibu na serikali hata kama ule wa zamani ulikuwa kwingine.

#15 Duka_la_Pembeni
Naomba nirudi kwenye madebe ya #5. Familia yetu imefanya biashara ya mafuta ya taa kwa vizazi vitatu. Debe la bati la mafuta, lenye ujazo wa kama lita 18, liliuzwa katika kila duka la pwani hadi baada ya uhuru, na yalikuja mawili mawili katika sanduku la mbao. Mengi yalikuwa na herufi za kubonyezwa. Kwa hiyo bati lenye herufi kwenye banda la kuku haliwezi peke yake kuthibitisha kiwanja cha ndege Baleni wala mahali pengine. Sisemi kwamba bibi alikosea. Nasema kwamba debe hutembea sana.

#16 BintiChole
Nimekubali kuhusu bati. Maneno ya «Wazungu wa ndege» sijayakubali, kwa sababu bibi hakuwa na sababu ya kuyabuni kwa ajili ya mlango wa kuku.

#17 Kibokoni
Nipo Mombasa. Wale wanaotaka kukigusa kitu cha vita hivi kwa mkono waje Fort Jesus, kuna mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, mshindi na mshindwa wa Zanzibar wakiwa ndani ya ngome moja. Mizinga ya Königsberg ilikuwa 10, ya milimita 105. Wajerumani waliiopoa baada ya meli kufa, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam na kupigana nayo nchi kavu.

#18 Jahazi_la_Jibondo
Watu wa Mombasa, mada ni uwanja wa Mafia nanyi mmeshatuingiza Fort Jesus! Karibuni lakini.

#19 Kibokoni
Tunashukuru kwa kukaribishwa. Mzinga huo usingefika kwetu bila uwanja wenu.

#20 Nyaraka
Kibokoni amesema kweli, na huenda kuna wasomaji wasiojua kwa nini. Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia delta kupitia mlango wa Kikunja. Zilipiga kutoka umbali wa takriban kilomita 10, bila kuiona kabisa meli waliyoipiga, na mwangalizi aliyekuwa ndani ya ndege ndiye aliyewaambia kwa simu ya upepo kama kombora limepita, limepungua, limekwenda kushoto au kulia. Simu yenyewe ilikuwa ya upande mmoja, yeye anasema, wao hawawezi kumjibu. Siku hiyo zilipigwa risasi za mizinga zaidi ya 600 na Königsberg haikufa. Mersey ilipigwa na kupoteza watu. Ndege zilikuwa zikipokezana kwenda na kurudi Mafia, kilomita zipatazo 50 kila upande juu ya bahari kwa magurudumu, na kila ilipokosekana ndege juu, mizinga ilikuwa kipofu.

Tarehe 11 Julai walirudi. Rubani Cull na mwangalizi Arnold walikuwa juu katika Henri Farman. Wakaielekeza Severn hadi ikaanza kupiga barabara, na wakati huo huo makombora ya Wajerumani yakaivunja injini yao. Walipokuwa wakishuka bila injini Arnold aliendelea kupiga simu kwamba makombora yote yanaangukia mbele ya meli, yarudishwe katikati. Ndege iliangukia mtoni karibu na Mersey na kupinduka, Cull akanasa chini ya maji kabla ya kujinasua, na mashua ikawaokoa wote wawili. Kapteni Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Ndege ile haikurudi Mafia. Ninakitafuta kiwanja hiki kwa sababu kila kitu kilichotokea asubuhi ile kiliondokea juu ya majani yake.

#21 Mwana_Salale
Na Wajerumani waliokufa walizikwa ukingoni kwetu. Mabaki ya meli yalionekana mtoni kwa miaka mingi, wavuvi wakifungia mitumbwi.

#22 Mtaita_wa_Maktau
Habari zenu ndugu. Naingia kutoka Taita Taveta kwa sababu sehemu ya kikosi chenu ilihamia kwetu. Baada ya Königsberg kuzama, Cull na wenzake walipelekwa Maktau mwaka ule ule wa 1915, na mwanzoni mwa 1916 kikosi cha 26 cha Afrika Kusini kikaja Mbuyuni, karibu na mahali palipopiganiwa Salaita. Nimetembea sana sehemu hizo. Ukiondoa mahandaki na mawe ya ngome, hakuna kitu cha kuona kinachohusu ndege. Mabanda yalikuwa turubai na miti, njia ilikuwa majani yaliyofyekwa, na mvua mbili zilitosha kufuta kila kitu. Huonyeshwi kiwanja, unaonyeshwa uwazi katikati ya vichaka, na hata uwazi huo wazee wawili wanaweza kuuweka mahali pawili.

Ushauri wangu kwa watu wa Mafia ni kwamba msitafute sakafu. Tafuteni visiki, visima na vyupa. Watu wengi waliokaa mahali pamoja kwa wiki nyingi lazima walichimba kisima au walichotewa maji, na mahali pa kutupia taka hapafutwi na mvua.

#23 MwanaKirongwe
Mtaita, bandiko lako limenifaa kuliko yote, pamoja na kwamba halinisaidii kushinda. Nimekuwa nikitafuta uwanda ulionyooka, kumbe nilipaswa kutafuta kisima.

Lipo jambo moja linalonikera katika habari hii nzima. Tunajua jina la rubani, la mwangalizi, la nahodha, hata la kila meli. Hatujui jina hata moja la aliyefyeka. Mafia ilikuwa kisiwa cha mashamba ya minazi, na mtu hafyeki uwanja wa ndege kwa panga lake mwenyewe akiwa rubani. Mnazi_Mrefu, babu yako alikuwa kijana wa mashamba mwaka huo. Je, alisema aliona ndege zikianza, au alisema alifanya kazi hapo?

#24 Mnazi_Mrefu
Sikuwahi kumuuliza baba hivyo. Neno alilolitumia baba lilikuwa «walipopalilia». Nilidhani anazungumzia minazi.

#25 Duka_la_Pembeni
Kupalilia ni neno la shamba. Mtu angeweza kulitumia kwa kazi ya kung'oa visiki pia, hasa kama msimamizi ni yule yule wa shamba na ujira ni ule ule.

#26 Fundi_Injini
Au aliondoa majani tu, kwenye uwanda uliokuwa tayari ni malisho. Kwa ndege zile ingetosha. Ikiwa ni hivyo, Kilindoni inapanda juu kwangu, kwa sababu malisho ya ng'ombe chini ya minazi yalikuwapo huko.

#27 Nyaraka
Kwangu Tireni bado iko juu kwa sababu ya meli. Ila sioni kosa kuwa na vyote viwili: kimoja cha kuondokea na kimoja cha dharura. Walikuwa na ndege nne mwanzoni, na baadhi ziliharibika wakati wa majaribio kabla ya siku yenyewe. Ndege ikiharibika katika kiwanja kimoja unatafuta kingine.

#28 MwanaKirongwe
Nimerudi, wanajamvi. Juzi nilikwenda Tireni na wazee wawili, mmoja wa hapo hapo na mmoja wa Kirongwe niliyekwenda naye. Tuliacha pikipiki kwenye njia na kutembea kama robo saa hadi mahali ambapo minazi inakatika ghafla na kuacha uwazi wenye nyasi za kimo cha goti, ukielekea bahari. Upande wa kusini wa uwazi huo kuna kisima kilichofukiwa nusu, kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mzunguko wake mikono yangu miwili iliyonyooshwa na nusu. Hatua chache kutoka kisimani kuna sakafu ya chokaa iliyopasuka, nilipima hatua 14 kwa 9.

Mzee wa Tireni aliisimamia sakafu ile na kusema kwamba hapo ndipo Wazungu walipokuwa wakigeuzia ndege zao, na kwamba aliambiwa hivyo na baba yake. Mzee wa Kirongwe akainama, akakwangua chokaa kwa kisu, akanusa, na kusema kwamba hii ni sakafu ya kuanikia mbata, babu yake mwenyewe alikuwa na kama hii. Walibishana kwa upole hadi adhuhuri ikaingia, tukaswali, wakaendelea.

Nimepiga picha za kisima na za sakafu. Nitaziweka leo usiku mtandao ukikaa sawa. Mtaita, naomba uziangalie za kisima kwanza. Mnazi_Mrefu, muulize shangazi yako aliye hai kuhusu neno lile la kupalilia.